Wadhangar wa Maharashtra: wafugaji ambao mkulima ndo anawalipa walaze kondoo shambani kwake

Swali limetoka kwa msomaji wa Kilosa, nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Nimesikia kwa mtu aliyesoma India kwamba kule kuna jamii ya wafugaji Wahindu ambao wakulima wanawaita waje na mifugo yao shambani, tena wanawalipa. Huku kwetu mfugaji akionekana karibu na shamba ni ugomvi, wakati mwingine mapanga. Je ni kweli? Na hao watu ni kabila kama Wamasai au ni hilo tabaka tunalosikia? Mimi ni binti wa mkulima, naomba unieleze kwa urefu."

Marahaba mdogo wangu. Ni kweli kabisa, na wala hukudanganywa hata kidogo, na huyo aliyekuambia najua amesoma wapi maana wanafunzi wetu wengi wanaokwenda India wanaishia Pune, mji wa jimbo la Maharashtra, na ukitoka Pune kidogo tu kuelekea kusini au mashariki ukakaa barabarani mwezi wa kumi na moja utawaona hao watu wanapita, wanaume wamevaa vilemba na blanketi jeusi begani, kondoo mamia kwa mamia wamejaa lami yote, mabasi yanapiga honi hayasikilizwi, nyuma yao wanawake na farasi wadogo waliobebeshwa nyumba nzima, sufuria, magunia, mtoto mchanga, juu ya mzigo kuku amefungwa miguu na vikondoo vilivyozaliwa jana vimetoa vichwa kwenye mfuko. Hao ndo Wadhangar. Mi nimeishi Pune miaka ya masomo na kazi yangu ilikuwa ni mambo ya malisho, kwa hiyo hawa nimewafuata, nimekula kwao, nimelala kwao, ndo maana swali lako nimelichukulia kwa moyo.

Tuanze na hili la kabila au tabaka kwa sababu watu wetu wanalichanganya sana. Sisi Mhindi tunayemjua ni wa dukani, wa Kariakoo, wa Mombasa mjini, wa Kampala, na wengi wao asili yao ni Gujarat, Kutch na Punjab, kwa hiyo tumejijengea picha kwamba Mhindi ni biashara. Kumbe hata hao akina Patel wengi walioko Kenya mababu zao walikuwa wakulima kabisa wa vijiji vya Kutch. India ni nchi ya wakulima na wafugaji, na ndani ya dini ya Kihindu watu wamegawanyika kwenye jati, yaani kundi ambalo unazaliwa ndani yake, unaoa ndani yake, na kwa kawaida lina kazi yake ya asili. Tunaiita tabaka kwa Kiswahili, sawa, ila neno tabaka linakufanya ufikirie ngazi tu, juu na chini, wakati jati kwa mtu wa kule ni zaidi kama ukoo mkubwa wenye kazi, miungu, nyimbo na sheria zake za ndoa. Wadhangar ni jati ya wachunga kondoo wa jimbo la Maharashtra, wanaongea Kimarathi kama majirani zao, wanaabudu miungu ileile na mingine ya kwao, kwa hiyo si kabila kwa maana ya lugha na nchi tofauti kama Mmasai na Mluguru. Wana ndugu wa kazi kila upande: Karnataka kuna Wakuruba, kaskazini kule Uttar Pradesh kuna Wagadaria, Gujarat kuna Warabari na Wabharwad. Kazi moja ila majina tofauti na hawaoani.

Na ndani ya Wadhangar wenyewe kuna mafungu. Wahatkar ndo wachunga kondoo hasa wa nyanda kavu. Wasangar ni wafumaji wa sufu. Kuna Wagavli Dhangar ambao hawagusi kondoo sana, wao walikaa juu ya milima ya Sahyadri yenye misitu na nyati wa maziwa na ng'ombe, wanatengeneza siagi wanashuka nayo mabondeni kubadilishana na mchele wa wakulima. Watu wengi wanasema jina Dhangar linatokana na "dhan", maana yake mali. Sasa wewe ni mtu wa Kilosa, unajua Msukuma au Mmasai akisema "mali yangu" anamaanisha nini, wala hazungumzii nyumba.

Basi tuje kwenye kiini, kwa nini mkulima amlipe mfugaji.

Kwanza elewa nchi ilivyo. Maharashtra ina mstari wa milima, hiyo Sahyadri, inayotembea sambamba na bahari. Upande wa bahari panaitwa Konkan, mvua ya monsuni inagonga pale kuanzia Juni mpaka Septemba na inashusha zaidi ya milimita 2,500, ni mpunga, minazi, maembe, yaani ukipelekwa usiku ukaamka asubuhi utadhani uko pwani yetu. Ukivuka milima kwenda ndani, upande wa Deccan, mawingu yameshamwaga kila kitu, kuna tarafa kama Man kule wilaya ya Satara ambako kwa mwaka hupati hata milimita 600. Pale ni mtama na uwele na nyasi fupi na mawe meusi. Hapo ndo kwao Wadhangar. Kondoo wao, aina ya Deccani, ni mdogo, mweusi, sufu yake ngumu kama brashi, lakini anatembea kilomita nyingi kwa siku na anakula kitu ambacho ng'ombe atakinusa na kukiacha.

Kondoo huyu hapendi maji. Mvua ya Konkan ingemuua kwa kuoza kwato ndani ya wiki chache. Kwa hiyo miezi ya mvua Wadhangar wako kwao nyanda kavu, nyasi zimechipua, wanapanda na vishamba vyao vya mtama, maana usisahau hawa ni wafugaji na wakulima pia, familia nyingi ina kashamba. Ikifika Oktoba kuelekea Novemba, baada ya Diwali, nyasi zimeisha nyumbani, na wakati huohuo kule Konkan mvua imekata na mpunga umevunwa, mashamba yako wazi yana mabua na magugu tu. Ndo wanavuka milima. Wanakaa huko mpaka kiangazi kinaiva, kisha kabla ya Juni lazima wawe wamepanda tena juu. Si wote wanakwenda Konkan, wengine wanazunguka hukohuko Deccan kwenye mabonde yenye mifereji, ila mantiki ni ileile, mfugaji anafika shambani baada ya mavuno na anaondoka kabla ya kupanda.

Sasa mkulima wa Konkan anaangalia shamba lake la mpunga, udongo umechoshwa na mvua kubwa iliyoosha rutuba yote, na anahitaji samadi. Angeweza kununua samadi, akodi mkokoteni, aisombe, aimwage, aitawanye. Au anaita kondoo. Wadhangar wanaita kazi hiyo "kukalisha kondoo". Mchana kundi linakula mabua na magugu na majani ya pembezoni, usiku linafungiwa ndani ya uzio wa wavu katikati ya shamba, linakojoa na kunya pale usiku kucha, asubuhi wavu unasogezwa kipande kingine. Baada ya siku kadhaa shamba zima limepata. Na hapa sikiliza vizuri kwa sababu ndo utaalamu wenyewe: mkojo. Samadi ya kusomba kutoka zizini imeshapoteza mkojo, na naitrojeni nyingi inakaa kwenye mkojo. Kondoo aliyelala shambani ameuweka mkojo moja kwa moja kwenye udongo, na kwato zake ndogo zimekanyaga kinyesi kikachanganyika na udongo bila jembe. Mkulima hajabeba kitu hata kimoja.

Malipo zamani yalikuwa nafaka, mchele au mtama kulingana na idadi ya kondoo na usiku waliolala, na chakula cha wachungaji wenyewe. Saivi mara nyingi ni hela, pengine nafaka kidogo juu yake. Na makubaliano mengi si ya kuokota njiani, ni ya familia na familia, baba yake huyu alikalisha kondoo kwa baba yake yule, kwa hiyo mchungaji anajua mwezi fulani yuko kwa nani, na mkulima anajua akimpa eneo mtu mwingine amevunja kitu kikubwa.

Nilivyokwambia nimelala kwao, nikupe picha ya usiku mmoja. Tulikuwa kwenye shamba la vitunguu lililokwisha kuvunwa, siyo mbali na mto Karha, kundi kama la kondoo 300 la familia nne zinazosafiri pamoja, umoja huo wanauita wada. Jua lilipozama wanaume wakachomeka fito na kuzungushia wavu, na kabla kondoo hawajaingia mama mmoja alisimama kwenye mlango wa wavu anawatenga vikondoo kutoka kwa mama zao, hahesabu kwa mdomo wala kwa kidole, anawagusa tu mgongoni wanavyopita, na kundi lote lilipoingia akamwambia mumewe mmoja hayupo, yule mwenye sikio lililochanika. Mume akarudi na tochi akamkuta amenasa kwenye vichaka vya miiba. Mi sikuwa nimeona tofauti yoyote kati ya kondoo yule na wengine 299. Mbwa wawili walilala nje ya wavu upande ambao upepo unatoka, kwa sababu kule bado kuna mbwa mwitu wa nyika, wa kijivu, wanaokuja kimya. Baridi ya Deccan mwezi wa Desemba inauma, nikapewa blanketi lao lile jeusi, ghongadi.

Hilo blanketi naomba nikae nalo kidogo. Ghongadi inafumwa kwa sufu ya kondoo haohao, bila rangi, nyeusi ya asili. Kondoo ananyolewa mara mbili kwa mwaka, sufu inasokotwa, inafumwa kwenye mtambo wa mkono, na nyuzi zinapakwa uji wa kokwa za ukwaju zilizosagwa ili zikaze. Ikiwa mpya inachoma ngozi kama gunia, lakini mvua inateleza juu yake, baridi haipiti, na mchungaji anaikunja pembe moja anaivaa kichwani kama kofia ya mvua. Ni godoro lake, shuka lake, mwavuli wake, na kwenye ibada ndo inatandikwa mungu akae juu yake. Leo hii bei ya sufu ya Deccani imeanguka kiasi kwamba kuna wachungaji wanalipa mtu anyoe halafu sufu wanaitupa kichakani. Nyuzi za viwandani na mablanketi ya bei chee yamewaua wafumaji. Inaniuma kuliko vitu vingi nilivyoviona kule, kwa sababu ujuzi wa kokwa za ukwaju ukikatika kizazi kimoja tu, hakuna wa kuurudisha.

Tuje kwenye miungu, maana uliuliza ni watu wa dini gani hasa. Ni Wahindu, ila Uhindu wa mchungaji una harufu yake. Mungu mkubwa wa Wadhangar wengi ni Biroba, hekalu lake mashuhuri liko Arewadi, wilaya ya Sangli. Kuna pia sikukuu kubwa Pattan Kodoli, wilaya ya Kolhapur, ambapo maelfu wanakusanyika, ngoma kubwa zinapigwa, wanaume wanacheza duara taratibu na leso mkononi, na kuna mtu mtakatifu anatabiri mvua na mazao ya mwaka, na watu wanamsikiliza kama sisi tunavyosikiliza hali ya hewa, kwa makini zaidi hata. Usiku zinaimbwa ovi, tenzi ndefu za miungu na mifugo, mwimbaji anaimba kipande, kisha anakihadithia kwa maneno ya kawaida, kisha anaimba tena, mpaka kunakucha. Hawakuziandika, zilikaa vichwani. Mjerumani mmoja, Günther-Dietz Sontheimer, alitembea nao miaka mingi akizirekodi, na kwa kazi hiyo wasomi wa mijini wakaanza kuelewa kwamba dini ya Maharashtra haikushuka yote kutoka kwa makuhani na vitabu, sehemu kubwa ilipanda kutoka zizini. Msomi wa Kimarathi R. C. Dhere alifika mbali zaidi akasema hata Vitthal wa Pandharpur, yule ambaye mahujaji laki kwa laki wanamwendea kwa miguu kila mwaka, asili yake ni mungu wa wachungaji.

Ila hadithi ninayoipenda mimi ni ya Khandoba wa Jejuri, kama kilomita 50 kutoka Pune. Khandoba ni mungu mpanda farasi, ana upanga, na ana wake wawili maarufu. Wa kwanza Mhalsa, binti wa wafanyabiashara, wa watu wasiokula nyama. Wa pili Banai, binti wa Kidhangar. Inasimuliwa Khandoba alicheza mchezo wa bao na Mhalsa kwa masharti kwamba atakayeshindwa aondoke nyumbani miaka 12, akashindwa, akajigeuza kizee, akaenda kuomba kazi ya kuchunga kondoo kwa baba yake Banai. Mungu kajiajiri kuchunga! Siku moja akawaua kondoo wote, kilio kikawa kikubwa, akasema nitawafufua mkinipa Banai. Wakampa, kondoo wakasimama. Alipomleta nyumbani Mhalsa akawaka, na ugomvi wa wake wenza wale umeimbwa karne kwa karne, mmoja anamcheka mwenzake ananuka kondoo, mwingine anamjibu. Ukienda Jejuri leo unapanda ngazi za mawe, hekalu la Khandoba na Mhalsa liko juu kabisa kileleni, la Banai liko katikati ya mlima, na watu wanarusha unga wa manjano mpaka ngazi, kuta, nywele na kope vinakuwa rangi ya dhahabu, huku wanapiga kelele "Yelkot Yelkot Jai Malhar". Unaona hadithi inavyofanya kazi? Mfanyabiashara, mkulima na mchungaji wote wanapanda mlima mmoja kwa sababu mungu wao kaoa kote. Watu ambao mungu wao alikuwa shemeji yao wanaanzia mahali tofauti wanapogombania shamba.

Usije ukafikiri hawa walikuwa watu wa pembeni tu. Malhar Rao Holkar alizaliwa mwaka 1693 kijiji cha Hol, karibu na hukohuko Jejuri, na jina Holkar maana yake ni mtu wa Hol tu. Baba alikufa angali mdogo, akalelewa kwa mjomba akichunga kondoo, akaingia jeshi la wapanda farasi la Wamaratha, na akapanda mpaka akawa mmoja wa majemadari wakubwa wa Bajirao, waziri mkuu wa Wamaratha, akapewa nchi ya Malwa huko India ya kati, na nyumba yake ndo ikaja kutawala Indore. Mtoto wa mchunga kondoo. Mtu wa nyumba hiyohiyo aliyezaliwa nje ya ndoa, Yashwantrao Holkar, alikuja kuwasumbua Waingereza mpaka wakasaini naye mkataba mwaka 1805, na ufalme ule uliendelea, ingawa chini ya Waingereza baada ya kushindwa mwaka 1817, hadi India ilipopata uhuru.

Lakini jina ambalo Mdhangar yeyote atakutajia kwanza, kabla hata ya Malhar Rao, ni mkwe wake, Ahilyabai. Alizaliwa 31 Mei 1725 kijiji cha Chondi, akaolewa mdogo na Khanderao, mtoto wa Malhar Rao. Mwaka 1754 mumewe aliuawa kwenye kuzingirwa kwa ngome ya Kumbher, na inasimuliwa alitaka kujichoma kwenye moto wa maziko kama desturi ya wakati ule, mkwe akamzuia akamwambia nchi inakuhitaji, kisha akamfundisha hesabu za kodi, jeshi na barua za utawala. Malhar Rao akafa 1766, mtoto wa pekee wa kiume wa Ahilyabai naye akafa mwaka uliofuata, na mjane yule akakaa mwenyewe kwenye kiti na kutawala kuanzia 1767 mpaka alipofariki Agosti 1795. Karibu miaka 28. Makao aliyaweka Maheshwar kando ya mto Narmada, akawaleta wafumaji pale, na sari za Maheshwar mpaka leo zinauzwa kwa jina hilo. Alijenga visima, nyumba za wasafiri na mahekalu sehemu nyingi za India zisizokuwa hata chini ya utawala wake, na hekalu la Kashi Vishwanath kule Varanasi lililopo leo ndo yeye alilijenga upya, 1780. Uwanja wa ndege wa Indore una jina lake, chuo kikuu cha Solapur kimepewa jina lake, na mwaka 2024 hata wilaya aliyozaliwa, Ahmednagar, ikabadilishwa kuwa Ahilyanagar. Kwenye wada nililolala kulikuwa na picha yake ya karatasi imewekwa kwenye plastiki, imeshonewa ndani ya mfuko wa mzigo wa farasi, anasafiri nao.

Sasa mambo ya leo, na hapa ndo swali lako la kabila au tabaka linageuka kuwa siasa ya nguvu. Serikali ya India inatenga nafasi za masomo na ajira kwa makundi yaliyobaki nyuma. Maharashtra Wadhangar wamewekwa kwenye fungu la jamii za kuhamahama, wanapata asilimia 3.5. Wao wanadai wawekwe kwenye orodha ya makabila asilia, fungu lenye asilimia 7 na haki nyingine. Hoja yao ni herufi moja. Kwenye orodha rasmi ya Maharashtra kuna neno "Dhangad", wao wanasema hao Dhangad hawapo popote jimboni, aliyeandika alikosea, ilitakiwa iwe Dhangar, r na d. Upande wa pili wanasema hapana, Dhangad ni watu wengine, wana uhusiano na kabila la Waoraon, na makabila yaliyomo kwenye orodha yanaogopa kugawana kidogo walichonacho. Mwaka 2014 watu waligoma kula Baramati kwa ajili ya hilo, ahadi zikatolewa, na Februari 2024 Mahakama Kuu ya Bombay ikakataa maombi yao. Maoni yangu nakupa wazi: kisheria mahakama ilibanwa, orodha ile hairekebishwi na jaji bali na bunge, ila mtoto wa wada anayebadilisha shule kila mwezi au anayeachwa kijijini na bibi ili asome hapewi chochote na ushindi wa upande wowote kama shule yenyewe haimfuati.

Na je ule mpango wa kukalisha kondoo unaendelea? Unaendelea ila umekonda. Mbolea ya dukani iliingia, mkulima akamwaga mfuko mmoja akaona mazao yanaruka, akasema kondoo wa nini. Mifereji ikaleta miwa, na miwa inakaa shambani mwaka mzima, hakuna ule mwezi wa shamba tupu. Misitu ilianza kufungwa tangu sheria ya Waingereza ya 1878 na imeendelea kufungwa, nyika zimeandikwa kwenye makaratasi kuwa ardhi isiyotumika, zikapandwa miti au kujengwa viwanda. Njia za kupita zimekatwa na barabara kuu. Kumekuwa na vipigo pia, sitaki nikudanganye kwamba kule ni pepo. Lakini kuna wakulima wanaorudi, hasa wa mbogamboga na zabibu, kwa sababu mbolea ya dukani imepanda bei na udongo umekuwa mgumu, na wachungaji wengi wamehamia kufuga kondoo aina ya Madgyal wenye nyama nyingi, hela iko kwenye nyama saivi siyo sufu.

Mdogo wangu, najua unauliza haya ukiwa unaifikiria Kilosa na yaliyotokea Rudewa Mbuyuni Desemba 2000, ambapo wakulima waliuawa, na majeraha yale hayajapona. Nikwambie kwa uaminifu tofauti zilizopo. Kwenu ni ng'ombe, mzito, anashindilia udongo wenye maji, huwezi kumlaza kwenye shamba la bonde ambalo bado lina unyevu kama unavyomlaza kondoo. Kwenu mkulima ana mazao mawili kwa mwaka, masika na vuli, kwa hiyo dirisha la shamba tupu ni dogo na haliko mwezi mmoja kwa kila mtu. Na Mdhangar anaingia kijiji ambacho mkulima amemuita, anajulikana kwa jina, wakati kwenu mfugaji mara nyingi anafika akifukuzwa kutoka kwingine.

Ila kuna kitu mzee wako anaweza kujaribu bila kusubiri mtu. Baada ya kuvuna mahindi, kabla hajachoma mabua, aongee na mfugaji mmoja tu, anayemfahamu, mwenye mbuzi na kondoo siyo ng'ombe kwanza, wakubaliane siku ngapi, kipande gani, maji watanyweshea wapi na njia ipi ya kupita kwenda majini, maana kule Maharashtra makubaliano yanavunjikia kwenye maji kabla hayajavunjikia kwenye nyasi. Kipande kimoja alaze mifugo, kipande cha jirani yake asilaze, apande mbegu ileile siku ileile. Akivuna apime magunia ya kila upande, na uniandikie.